Mahali Sita pa Kula katika Mji Mkuu wa Muda

Mwezi wa pili mwaka 2025, Bukavu ilipotekwa, serikali ya mkoa ilikusanya mihuri yake ikateremka Uvira. Tulilala tukiwa mji wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, tukaamka tukiwa mji mkuu. Wa muda, ndiyo, lakini mkuu. Barabara zikajaa makatibu, wakuu wa idara na wasaidizi wa wasaidizi, wamevaa makoti ya baridi ya Bukavu katika joto letu, wakitoka ofisi isiyo na meza kwenda ofisi isiyo na mlango. Walijua kila kitu isipokuwa mahali pa kula.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na wakati mwingi. Internat yetu, shule ya bweni karibu na Luvungi, ilikuwa imefungwa kwa sababu mapigano yalifika nyuma ya bweni, na wakubwa wa shule walikubaliana, kwa mara ya kwanza, kwamba kuna jambo linalosumbua masomo kuliko Félicien, yaani mimi. Nikarudi Uvira kwa mama na dada yangu mkubwa, Délice. Baada ya wiki tatu za kutazama ukuta, nikaona ni wajibu wangu kuusaidia mji mkuu.

Niliandika mwongozo wa karatasi moja. Upande wa kwanza ulikuwa kroki, yaani ramani ya mkono kama tulivyofundishwa katika jiografia: barabara kuu kutoka Kavimvira hadi Kimanga, madaraja, meri (ofisi ya meya), parokia, ziwa upande mmoja na milima upande wa pili. Umbali niliupima kwa hatua zangu mwenyewe, siku mbili, jua la saa saba kichwani. Upande wa pili niliandika mahali sita pa kula njiani, chakula cha kuagiza, na alama za vidole badala ya nyota, kutoka kimoja hadi vitano. Nikapiga fotokopi thelathini.

Namba moja hadi tano zilikuwa za kweli. Niliapa na bado naapa. Namba sita haikuwa restora.

Namba sita ilikuwa nyumba ya Bwana Sévère, mkurugenzi wa nidhamu wa shule yetu. Jina lake kwa Kifaransa maana yake ni mkali, nami sijaona ubatizo mwingine uliofanya kazi vizuri hivyo. Yeye ndiye aliyenipigisha magoti juu ya kokoto saa mbili nzima kwa uongo mdogo kuhusu kengele ya shule, akisimama juu yangu na kusema kwamba yeye hajasema uongo tangu komunyo ya kwanza. Tena alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni mwa refektwari, ukumbi wetu wa kulia, na kuhesabu maharage katika sahani zetu kwa macho. Vita vilipofika alikimbia na mke wake Honorine na watoto wanne, akapanga nyumba ya mbao huko Kimanga. Basi nikaandika: "Namba sita. Kwa Sévère. Samaki kuhe mzima katika nyanya, sehemu kubwa, mwenyeji mchangamfu. Akikataa mara ya kwanza usiondoke, huo ni mzaha wake. Vidole vitano." Nilicheka peke yangu mpaka mama akaniuliza kama nimeshikwa na malaria.

Fotokopi ishirini ziliisha kwa siku nne. Kumi zilizobaki alizichukua Délice siku aliyokwenda Kavimvira kutafuta sukari, ili awape wasafiri wanaoshuka kwenye magari.

Saa nne asubuhi Pitchou, jirani yetu wa pikipiki, aliingia uani bila kuzima injini.

"Féli! Bamemushika yaya yako ku bariere!"

"Kwa kosa gani?"

"Banasema iko na karte ya adui. Panda!"

Nilipanda. Yaya wangu ni mmoja tu, dada yangu Délice. Mwaka ule vikundi vya kutulinda vilikuwa vingi kiasi kwamba kuvitofautisha ilikuwa hatari, kwa hiyo hata hapa sitajaribu. Kilichonijaa kichwani njia nzima ni mtu mmoja wa wiki iliyotangulia, aliyekutwa na picha za daraja katika simu yake. Walimpandisha mlimani. Viatu vyake vilirudi, vimevaliwa na mwingine.

Délice alikuwa amekaa chini kando ya kizuizi cha barabarani, mikono imefungwa kwa kamba ya mbuzi.  Aliponiona aligeuza uso kama mtu anayetema mate ndani kwa ndani. Komanda alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu, na karatasi yangu ilikuwa mkononi mwake.

"Weye njo ulichora hii?"

"Iko yangu, komanda. Dada hajui kitu."

"Hii njo nini?"

"Daraja ya Mulongwe, komanda."

"Na hii?"

"Meri."

"Na hii kadogo, yenye bendera?"

Hiyo ilikuwa bariere yake. Nilikuwa nimeichora vizuri sana, na pembeni nimeandika: hatua 212 kutoka darajani.

"Mia mbili kumi na mbili," alisoma polepole. "Nani alikutuma kuhesabu?"

"Hapana muntu, komanda. Iko karatasi ya restora. Wageni wanatembea, wanaangalia mji, wanakula."

Aliweka kidole juu ya mshale niliouchora kwenye kona. "Muntu anatafuta chakula. Kaskazini anafanyia nini?"

"Shuleni, komanda, kroki bila kaskazini inapata sifuri."

Mpiganaji mmoja nyuma yake alicheka. Komanda hakucheka. Aligeuza karatasi, akasoma upande wa chakula tangu juu hadi chini, midomo ikitembea. Kisha akaikunja mara mbili.

"Muko na bahati, sijakula tangu jana. Tutaenda. Namba moja, namba mbili, mpaka sita. Kama kila mahali kuko chakula, yaya yako anarudia kwenu. Kama namba moja tu iko uongo, ninyi wawili munapanda kule juu." Alionyesha milima kwa kidevu, kama mtu anayeelekeza njia ya sokoni. "Na kila mahali, weye utaonja mbele."

Hilo la mwisho halikumshangaza yeyote. Kwetu hakuna mwenye akili anayekula katika mkono asioujua kabla ya mwenyeji kuonja. Watu wamezikwa kwa sababu ya chupa ya soda iliyofunguliwa jikoni badala ya mezani. Lakini desturi inasema mwenyeji ndiye anayeonja. Komanda alinipa mimi kazi hiyo kwa sababu karatasi ilikuwa yangu, na kwa namna hiyo nilikuwa mwenyeji wa mji mzima.

Tulikwenda: komanda mbele na karatasi, wapiganaji watano, Délice katikati na mikono yake imefungwa, mimi pembeni yake. Watu waliingia ndani ya nyumba zao kabla hatujafika, wakatoka tulipokwisha kupita.

Namba moja ilikuwa ya mama Sidonie, chai ya maziwa na mandazi. Alipoona bunduki alimwaga nusu ya chai mezani. Nilionja andazi, nikanywa, nikasubiri nisife. Sikufa. Komanda alikula manne.

"Umeandika vidole tatu," alisema. "Kwa nini tatu?"

"Mafuta iko mingi, komanda."

"Mafuta iko muzuri. Andika ine."

Nikaandika vinne. Mama Sidonie aliangalia kamba mikononi mwa Délice, akafunga andazi moja katika karatasi na kulitia mfukoni mwa blauzi ya dada bila kuomba ruhusa ya mtu.

Namba mbili ilikuwa ya Florentine, kando ya ziwa, au tuseme ndani yake, kwa kuwa maji yalipanda miaka ile na hayakurudi, na meza zake tatu zilisimama kwenye maji ya kifundoni. Wateja wake hukunja suruali. Wapiganaji walikunja zao, wakapanga bunduki magotini, wakala mukeke wa kuchoma. Mimi nilionja mgongo wa samaki pamoja na miiba yake kwa kuwa komanda alisema sumu inaweza kujificha popote. Namba tatu ilikuwa sombe, majani ya muhogo, namba nne wali na maharage nyuma ya meri, ambako karani mmoja aliyekuwa ameshika mwongozo wangu mkononi alinisalimia kwa furaha, akatazama msafara wetu, akageuka na kuusalimia ukuta.

Kufikia hapo jua lilikuwa limepita utosi. Tumbo langu lilikuwa limejaa na kukaza kama ngoma. Namba tano, mishikaki ya Ndikumana, nusura iniue kabla ya sita. Jiko lake lilikuwa baridi.

"Mbuzi hazishuki tena," alisema Ndikumana, akiwa ameinua mikono bila kuambiwa. "Njia ya milimani imefungwa tangu siku ya posho, ile Jumamosi."

Komanda alinitazama. "Namba tano haiko."

"Iko, komanda, lakini—"

"Kuko chakula ao hakuko?"

Ndikumana aliniangalia, akamwangalia Délice, akaingia ndani. Tulisikia sanduku likiburutwa. Alirudi na mshikaki mmoja wa maini, mweusi, wa jana au wa juzi, aliokuwa amejiwekea mwenyewe. Aliwasha makaa akaupasha. Nilionja kipande cha kwanza. Komanda alikula vitatu vilivyobaki, akalamba kijiti, akasema, "Kuko."

Tukashika njia ya Kimanga. Délice alisogea mpaka bega lake likagusa langu.

"Ya sita iko ya nani?" alinong'ona. "Kimanga minye naijua. Hakuna restora."

"Yaya..."

"Féli."

"Iko nyumba ya Dede." Hivyo ndivyo tulivyomwita mkurugenzi wa nidhamu, kwa herufi mbili za cheo chake. "Nilitaka watu wamusumbue."

Nilingoja anipige teke, miguu yake ilikuwa huru. Hakunipiga. Alianza Salamu Maria kwa sauti ndogo, na hilo lilinitisha kuliko teke lolote nililowahi kupewa, nami nina ujuzi.

Nilijaribu. Nilikimbia hatua mbili mbele. "Komanda, kwa kweli namba sita inafungaka siku ya tano."

"Leo iko siku ya ine."

Tangu shule ifungwe nilikuwa nimepoteza hesabu ya siku. "Tena iko mbali, komanda, na chakula yake haiko ya kusifu."

"Umeandika vidole tano." Alipapasa karatasi. "Kuhe muzima katika nyanya. Nimetunza nafasi."

Nilihesabu hatua bila kutaka. Kutoka parokia hadi mlango wa Bwana Sévère ni hatua mia sita na arobaini. Nilizipima mwenyewe, na siku ile zilikuwa chache kuliko nilivyoandika.

Komanda aligonga mlango kwa kitako cha bunduki. Ndani kiti kiliburuzwa, na sauti niliyoifahamu kuliko ya baba yangu ikaja ikikua: "Mara ngapi nitawaambia? Kila siku mnakuja, kila siku nawaeleza, hapa si—"

Mlango ulifunguka. Bwana Sévère alikuwa amevaa tai. Hata ukimbizini, ndani ya nyumba ya mbao, saa tisa alasiri, alikuwa na tai. Aliona bunduki. Akaniona mimi. Macho yake yakashuka mpaka kwenye kamba iliyofunga mikono ya Délice, yakabaki pale.

"Hapa si nini?" aliuliza komanda.

 Délice alifunga macho. Mpiganaji aliyecheka asubuhi alishusha bunduki yake begani, taratibu, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Hapa," alisema Bwana Sévère, "si mahali pa kuingia na bunduki mezani. Wateja wanaogopa."

Wateja. Alilisema neno hilo bila kutetemeka. Mtu ambaye hajadanganya tangu komunyo ya kwanza alilitoa moja kwa moja usoni mwa komanda, na mimi nilikuwa karibu kupiga magoti pale pale.

"Kama iko restora," alisema komanda, "kibao kiko wapi?"

"Serikali nzima imehamia hapa, komanda, pamoja na watu wake wa kodi. Nani ana akili na anaweka kibao?"

Wapiganaji walipasuka kicheko, na safari hii komanda mwenyewe alionyesha meno. Katika Uvira ya mwezi ule hakukuwa na maneno ya kweli kuliko hayo. Kila mwenye jiko alikuwa ameshusha kibao chake. Bunduki zilipangwa ukutani nje.

"Mikono," alisema Bwana Sévère.

Walimtazama.

"Kwangu hakuna anayekula bila kuonyesha mikono." Na wale vijana, wengi wao hawanizidi miaka mitatu, walijipanga mlangoni na kunyoosha vidole vyao, akakagua kucha moja moja na kuwarudisha wawili kwenye maji. Komanda alinawa bila kuambiwa.

Mama Honorine alikuwa amesikia yote akiwa jikoni. Alitoka na chungu chao, kilekile kimoja, akakiweka katikati ya meza pamoja na bugali. Watoto wanne walimfuata hadi mlango wa nyuma, mkubwa wao, Olive, akiwa na miaka kama kumi. Mama aliwaambia kitu kwa sauti ya chini, wakatoka, lakini si mbali. Niliwaona kupitia nafasi za mbao, macho manne juu ya manne.

Niliinua mkono wangu wa kuonja. Mama Honorine aliusukuma kando.

"Nyumbani mwangu mwenye kuonja niko minye," alisema. Alimega bugali, akachovya, akatafuna mbele ya uso wa komanda bila kupepesa, akameza, akafungua kinywa kumwonyesha kitupu. Mpaka leo naamini hapo ndipo komanda aliposadiki. Kibao mtu anaweza kukificha, na maneno anaweza kuyatunga, lakini mwanamke ambaye hakungoja kuambiwa aonje amezoea kupokea wageni.

Kisha komanda alichungulia ndani ya chungu.

"Hii iko maharage. Karatasi inasema kuhe."



"Kuhe ni siku ya Mungu tu, Jumapili," alisema Bwana Sévère. "Mwanafunzi wangu hakuandika siku. Katika kroki zake pia husahau vitu. Nimemwambia mara nyingi."

Walikula. Kwanza niliona kwamba maharage hayana mafuta. Halafu niliona kwamba ni machache, yameongezewa maji mpaka yamekuwa mchuzi. Halafu nikaona kwamba moto wa jikoni ulikuwa tayari umezimwa na majivu yamefunikwa, kama unavyofunika mwisho wa siku, na kwamba hakuna chungu kingine. Wanaume sita walikuwa wakila siku nzima ya nyumba ile. Bwana Sévère alisimama mlangoni, mikono nyuma, mahali pake pa refektwari, akitazama kila tonge likiondoka. Hakuhesabu. Au alihesabu, na uso haukuonyesha. Upande wa pili wa mbao, mtoto mdogo aliuliza kitu, na Olive akamziba mdomo.

Komanda alifuta chungu kwa kipande cha mwisho cha bugali. Alifungua karatasi yangu juu ya meza.

"Chumvi hakuna," alisema. "Mafuta hakuna. Weye kijana, uliandika vidole tano. Alikupa nini huyu mwalimu, alama?" Alichukua kalamu yangu, akafuta vidole vinne kwa mistari mizito, akabakiza kimoja. "Usidanganye batu ya serikali. Beko wageni." Kisha akamwambia yule aliyecheka, "Fungua huyu muschana."

Kamba ilianguka sakafuni. Komanda aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni, pamoja na zile tisa nyingine alizomnyang'anya Délice, akashukuru kwa adabu, na hakuna aliyelipa wala aliyedai. Wakachukua bunduki zao ukutani. Tuliwasikia wakiondoka wakibishana kama mukeke wa Florentine unastahili vitano au vinne.

Nilipiga magoti. Hapakuwa na kokoto, palikuwa na udongo tu, lakini nilipiga.

"Bwana Mkurugenzi, nita—"

"Simama," alisema. "Unawazibia watoto njia."

Walikuwa wameingia. Walisimama kuzunguka meza wakitazama ndani ya chungu, wote wanne, na hakuna aliyelia, na Bwana Sévère alikaa kwenye kiti akaanza kulegeza tai yake lakini fundo likamshinda. Mama Honorine ndiye aliyemfungulia.

Délice alikuwa akijisugua mikono palipokuwa na kamba. Alitoa lile andazi la mama Sidonie mfukoni, limebonyea, akalikata vipande vinne, akawapa. Halafu akachukua chungu mezani.

"Nyumbani kumebaki unga ngapi, ule uliotoka Kiringye?" aliniuliza.

"Karibu nusu gunia. Mama anautunza kwa ajili ya—"

Alikuwa ameshatoka. Nilimkimbilia. Alitembea haraka katikati ya barabara kuu ya mji mkuu, chungu cha watu kichwani, mpaka kwetu. Mama alikuwa mlangoni tangu saa nne, mikono kichwani. Alimshika Délice, akamgeuza huku na huku kutafuta damu, na asipoiona akatazama chungu.

"Hii chungu iko ya nani?"

Délice alimpita, akaingia ndani kufungua gunia, akaniacha mimi nieleze.